Kwa Magesa, Aliyewarudisha Ngege Wenye Hereni

Magesa ndugu yangu,

Mwanao Masatu alikuja kwangu hapa Iringo juzi asubuhi na robota la uzi begani. Akalitua, akaniamkia vizuri kama ulivyomfundisha, halafu akasema, "Baba mdogo, nifungie nyavu za macho madogo, za mtumbwi wa baba." Chai hakunywa, hata kukaa hakukaa. Kesho anarudi kuchukua jibu. Nami tangu ameondoka natafuta mtu wa kumuuliza, na kila nikitafuta narudi kwako tu, na wewe umelala kaburini kwenu Buswahili tangu masika ya mwaka juzi.

Basi nakuandikia. Najua utasema Fundi Idi ameanza kuchanganyikiwa. Kusoma ulikuwa hujui, barua za kaka yako nilikuwaga nakusomea mimi, tena ulikuwa unanirudisha nyuma kwenye habari za ng'ombe na kuniambia niruke habari za watu. Hii nitakusomea mwenyewe humu humu dukani, mlango nikiwa nimeurudishia, watu wasije wakadhani nazungumza na majini.

Unakumbuka ulivyoingia hapa mara ya kwanza? Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umemaliza ng'ombe wa zizi lako, ukateremka ziwani kama mtu aliyehukumiwa kifungo. Ukaushika wavu wangu, ukaunusa. Wallahi, uliunusa! Ukauliza, "Hii inakulaga nini?" Watu walivunjika mbavu. Nikakujibu kwamba inakula mawe na usingizi wa mwenyewe, na wewe ukatikisa kichwa kwa heshima kabisa. Siku hiyo hiyo nikajua tutaelewana. Ukaanza kuniita mtu wa pwani asiyeijua pwani, kwa kuwa baba yangu alikuwa Mmanyema mvaa kanzu wa Ujiji na mama yangu Mjita wa hapa hapa. Mimi nikakuita mchungaji wa samaki. Na kweli ulikuwa mchungaji. Nani mwingine katika ziwa lote hili alikuwa anawaita ngege kwa rangi zao, yule mweusi wa tumbo jekundu, yule wa kijivu, kama mtu anayetoa mifugo malishoni?

Kila ukishusha samaki asubuhi ulipita kwangu na ngege mmoja wa watoto wangu. Unakaa kizingitini, tunakunywa chai kwa mhogo, huku unanishikia ncha ya wavu ninaoushona. Ufundi hukuwa nao hata kidogo. Fundo lako lilifunguka kabla hujaondoa mkono, na ulikuwa unalilaumu fundo. Kizingiti hicho sasa watu wanakiruka tu wakipita. Juzi mteja mmoja alitaka kukaa hapo, nikamtolea kigoda haraka haraka, akashangaa.

Lakini safari ya Bunda ndiyo inayonirudia zaidi. Ulikuwa wakati wa kuuza pamba, wakulima wana furaha, tukapakia ngege wakavu kwenye baiskeli zetu tukaenda. Tumefika tu, ukamwona ndama jike wa mzee mmoja, mwenye doa jeupe usoni, akili yote ikakuhama. Samaki wako wote ukampa yule mzee, hata kapu hukubakiza. Kabla ya kumchukua ndama ukamkagua masikio, hili na hili, ukanieleza kwamba sikio likiwa limekatwa mnyama ana mwenyewe, na mnyama mwenye alama ya mtu ukionekana naye ni balaa. Mimi sikulitia maanani. Kwetu tulifuga kuku tu, na kuku wa kwetu hajulikani wa nani mpaka aive.

Kisha yule ndama akagoma kutembea! Tukarudi kwa njia ya Butiama, wewe umembeba mabegani, mimi nakokota baiskeli zote mbili kwenye jua lile, na wanawake wa njiani wanauliza ni nani kati yetu anayepeleka mahari. Nilikutukana njia nzima. Wewe ulikuwa unaimba. Tulipolala kwa shemeji yako pale Butiama, ulimlaza ndama karibu na kichwa chako na mimi ukaniweka miguuni. Leo ningekubali kukokota hata baiskeli tatu, Magesa, na kulala popote utakaponiweka.

Halafu akaja Bwana Samaki, yule Mzungu mrefu wa ofisi ya samaki ambaye pua yake ilikuwa inaungua mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa kutaka kujua ziwa lina ngege kiasi gani, na sisi tunaweza kuvua kiasi gani bila kuwamaliza. Wakati ule sheria ilisema macho ya wavu yasipungue inchi tano, ili ngege wadogo wapenye, wakue, wazae. Wavuvi wengi walinung'unika, wakitaka macho madogo. Na mimi, kusema kweli, fundi wa nyavu hawezi kuichukia habari ya nyavu mpya.

Bwana Samaki alikuwa anavua ngege wazima, anawatunga kwenye shavu hereni ndogo nyekundu kwa waya, halafu anawaachia. Alinieleza hapa hapa dukani. Wavuvi wakileta hereni chache, ina maana ngege ni wengi sana na wale wenye hereni wamepotelea katikati ya wenzao. Wakileta nyingi, ina maana nyavu zetu zinamfikia karibu kila samaki, na hapo tunakwisha. Akaniweka mimi kuzipokea, kwa sababu hakuna mvuvi asiyepita kwangu, na kwa kila hereni mvuvi apewe mche wa sabuni. Nilitangaza mwenyewe ufukweni kwa hii sauti yangu isiyohitaji ngoma, kwamba atakayemwona ngege mwenye hereni amlete kwa Fundi Idi apate zawadi.

Miezi ikapita, sabuni ikabaki sandukuni. Hereni zilizokuja zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, tena nyingi zililetwa na wageni waliopita njia. Bwana Samaki akawa anakuja dukani anasugua mikono kwa furaha. Ziwa limejaa, anasema, ziwa limejaa. Akaanza kuandika kwa wakubwa wake kwamba macho madogo yaruhusiwe, hakuna hatari.

Nikakupa habari hiyo ukiwa na mhogo mdomoni. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitanunua uzi wapi. Ukaacha kutafuna.

"Fundi," ukasema, "wale wa hereni si tunawaachiaga."

Nilidhani sijakusikia. Ukanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni wa nchi. Mwalo mzima, wote mnaoshushia samaki hapa, mlikuwa mnawaachia. Aliye hai anarudishwa majini, na aliyekufa anatupwa majini vile vile, halafu watu wanaangalia pembeni. Mnyama mwenye alama ana mwenyewe. Na lile tangazo langu la zawadi ndilo lililowatisha kabisa, maana huko kwenu ng'ombe wa watu akipotea, ndivyo inavyotangazwa, atakayemwona amlete atapata zawadi, na anayemleta ndiye anayeulizwa kwanza alifikaje zizini kwake. Nani atakwenda kujipeleka kwa ajili ya sabuni?

Hee! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Wanawake wa Mwigobero wanafua kwa majivu, sabuni imejaa kwangu, na kisa chote ni kuheshimu mali ya mtu! Wewe hukucheka. Uliniuliza jambo moja.

"Sasa huyu ataandika wako wengi?"

Nikasema ndiyo.

"Na si kweli?"

Nikasema hakuna anayejua. Ukasimama, ukakung'uta shuka lako, ukasema twende.

Nilikushika mkono. Nikakwambia watakufunga, na wenzako wanaotaka macho madogo watakuchukia mpaka kufa. Ukaniangalia kama nimekwambia usinawe kabla ya kula. "Kudanganya sijawahi," ukasema. "Nianze uzeeni, tena na Mzungu?"

Ile siku ya ofisini, Magesa, nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka mke wangu anachungulia. Ulisimama mbele ya meza yake, ukatoa kofia, ukasema kwa sauti ya baraza, "Bwana, mimi si mwizi. Samaki yako yote nimekurudishia." Bwana Samaki akainuka amefurahi, akanyoosha mkono apokee hereni. Na wewe ukanyoosha kidole dirishani, ukamwonyesha ziwa.

Kiswahili alikijua vizuri, lakini alinigeukia mimi, kama vile huenda ipo maana nyingine ninayomficha. Nikamweleza habari ya masikio ya ng'ombe. Akacheka kidogo. Halafu kicheko kikamkauka, akaketi, akayavuta yale makaratasi aliyoandika, akayachana. Hakukukaripia. Aliuliza kama ungeweza kumsaidia kuanza upya, na wewe ukajibu kwamba kosa ulilifanya kwa miguu yako kwenda mwaloni, utalirekebisha kwa miguu hiyo hiyo.

Na kweli ulizunguka. Akatia hereni upya, na wewe ukapita mwalo kwa mwalo, kila mahali mitumbwi inaposhushia, ukiwaambia watu, "Huyu hana mwenyewe. Hii alama inauliza tu umemkuta wapi." Mimi ningewaambia hivyo wangenicheka. Wewe walikuamini, kwa sababu walijua hata ng'ombe wa adui yako huwezi kumkama. Jioni unarudi kwangu umechoka, miguu imevimba, unauliza, "Zimekuja?" Nasema bado. Unasema zitakuja.

Kifua kikakushika kabla hazijaja. Nilipopata habari nilipanda baiskeli vile nilivyo, na sindano ya kushonea nyavu ikiwa mfukoni, nikafika Buswahili nikakuta wameshaanza kufukia. Nikapokea jembe kwa kaka yako. Nililia mbele za watu, mimi ninayejifanya mkali. Nyangeta mkeo ndiye aliyenibembeleza, badala ya mimi kumbembeleza yeye. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu, na nikiwa peke yangu bado nalia.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Zilikuja, Magesa. Zilikuja jamani! Kila asubuhi mtu ananifungulia kiganja, hereni hii hapa. Sabuni ikaisha, Bwana Samaki akaleta nyingine, nayo ikaisha. Safari hii hakusugua mikono. Kila akija anazimwaga mezani, anazitazama, anaondoka bila kuaga. Mwisho akaitisha baraza ufukweni akasema wazi kwamba tunatoa ngege haraka kuliko wanavyozaa, na kwamba macho yakipunguzwa itakuwa msiba.

Pakachafuka. Mtu mmoja, sitamtaja kwa sababu mama yake ni mtu mwema, akasimama akasema Magesa ametuuza kwa Wazungu. Damu ilinipanda. Nikamwambia kama ana ubavu aongozane nami sasa hivi hadi Buswahili, akayaseme hayo mbele ya kaburi na kaka yako akisikia. Akaketi. Lakini wengi walikuwa wanawaza kama yeye, niliwaona machoni.

Na baada ya yote hayo, amri ikaja kutoka juu. Macho ya inchi tano yamefutwa, kila mtu avue kwa wavu anaoutaka. Walisema watu wanavunja sheria usiku na mchana, na boti za kuwadhibiti hakuna, basi sheria ya nini. Bwana Samaki alikuja kuniambia mwenyewe, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa amehamishwa. Akasema, "Hesabu ya Magesa ilikuwa sawa." Akasema tena, kwa sauti ya chini, halafu akaenda zake. Salamu hizo zilikuwa zako, nimechelewa kukufikishia.

Usingependa kuona mwalo ulivyo sasa. Maduka ya Mukendo yameleta nyavu za nailoni, haziozi, hazichoki, na macho yake kidole gumba hakipiti vizuri. Ngege wanaoshushwa wanakaa kwenye kiganja. Watu walifurahi sana mwanzoni, mitumbwi ilijaa, wakawa wananitania kwamba mchungaji wangu alitaka kuwanyima. Sasa hata hao wadogo wanapungua na hakuna anayetania tena.

Masatu peke yake alibaki na nyavu zako za macho mapana. Nilidhani ni ukaidi aliourithi kwako, nikawa najivunia moyoni. Kumbe nilikuwa najivunia njaa ya watu. Jana niliomba twende wote kuzitegua. Tulivuta wavu wa kwanza, mweupe, hauna kitu. Wa pili, mweupe. Wa mwisho ulikuwa na kambale mmoja na majani. Mtoto alikunja tu, akanitazama. Nilielewa. Ngege wanakamatwa na wenzetu kabla hawajafikia ukubwa wa kunaswa kwetu. Tunawatunzia wengine.

Nyangeta akanikaribisha chakula. Nyumbani kwako mgeni alikuwaga anawekewa ngege mzima, mkia uko nje ya sahani, na wewe unamsimamia ale mpaka kichwa. Jana mkeo alileta ugali na bakuli la furu, vile visamaki ambavyo zamani tuliwaachia watoto wachezee. Akaliweka mbele yangu, halafu akalifunika kwa kiganja. "Shemeji," akasema, "ndivyo tulivyoamkia." Kitinda mimba wako alikuwa anatazama mkono wangu kila unapokwenda bakulini. Nilikula matonge mawili nikasema nimeshiba. Utani wote ulinikauka.

Usiku huo nilikukasirikia. Ndiyo, wewe! Nilikukasirikia kweli kweli, kwa kufa na kuniachia jambo hili. Nikimkatalia Masatu, hakuna ngege hata mmoja atakayepona kwa ajili yangu. Atakwenda Mukendo atachukua nailoni, au atabaki na nyavu zako na nyumba yako ishinde njaa, peke yake katika mwalo mzima. Nikikubali, nafunga kwa mikono yangu kitu kile ulichokizungukia hadi miguu ikavimba. Nimegeuza hivi, nimegeuza vile. Nimekuuliza, umenyamaza.

Basi nimeamua, na kama nimekosea utaniambia siku tutakayoonana. Nitamfungia. Siwezi kuyatazama tena macho ya yule mtoto wako mdogo. Lakini uliwahi kunionyesha ngege jike aliyenaswa mvua zikiwa zimekolea. Ulimfungua kinywa, vikamwagika kiganjani kwako vitoto kama punje za ulezi, vinatapatapa, maana anavilea mdomoni. Uliinama ukavirudisha majini na mama yao. Kutwa nzima hukutaka hata chai. Hilo ndilo sharti nitakalompa Masatu kesho. Masika ikiingia, ngege wanaposogea kwenye matete na watoto mdomoni, nyavu zote zinakuja kulala kwangu, zile kubwa na hizi ndogo, nazifungia na ufunguo nakaa nao mimi. Miezi hiyo nyumba yako itakula kwangu. Mke wangu nimeshamwambia, amesema ataongeza maji na chungu kikubwa kipo.

Masatu atakunja uso. Atasema wengine hawataacha kuvua. Najua hawataacha, mimi si mtoto. Nitamwambia uzi ni wake na mikono ni yangu, akiitaka mikono aichukue na sharti lake. Nyangeta nimemdokezea tulipokuwa tunaagana. Alinishika mkono tu, akaushika kwa muda, na nadhani huko ndani mwanao ameshaambiwa.

Sina zaidi, ndugu yangu. Pumzika, kifua kisikusumbue tena. Nakuahidi hili mbele ya Mungu wangu na wa kwako, maadamu naweza kusimama na kushika sindano. Na watu wa mwalo wakija kuniuliza mbona mitumbwi yote iko majini na wa Magesa peke yake uko nchi kavu, nitawajibu kwamba mwenyewe ameukataza.

Ndugu yako,
Idi, fundi nyavu